Chardin, Greuze au Fragonard: nani apewe saa yako moja ndani ya Louvre?

Mgeni anayeingia makumbusho ya Louvre, jijini Paris, kwa mara ya kwanza kwa kawaida hufuata umati hadi ulipo mchoro wa Mona Lisa, huzunguka kidogo kwenye sanamu za Wagiriki, kisha hutoka miguu ikiwa imemwishia nguvu. Ghorofa ya pili ya upande wa Sully, zilikotundikwa picha nyingi za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 18, huachwa bila kutazamwa. Huko ndiko ziliko picha za maisha ya kila siku: mama anayepakua chakula, mtoto anayecheza badala ya kudurusu, baba anayemlaani mwanawe, pamoja na nyuso zilizochorwa si kwa ajili ya cheo cha mwenye uso bali kwa ajili ya hali iliyoonekana usoni mwake. Makala haya yanawalinganisha wachoraji watatu wa picha za namna hiyo, Jean Siméon Chardin (1699–1779), Jean-Baptiste Greuze (1725–1805) na Jean-Honoré Fragonard (1732–1806), kwa manufaa ya msomaji mwenye saa moja tu ya kuwapa, na pia ya mwalimu wa sanaa anayetafuta picha mbili tatu za kuwaonyesha wanafunzi wake bila kuondoka Mombasa au Dodoma.

Kabla ya kuchagua ni vyema kufahamu kwamba picha hizi hazikuwa na heshima kubwa zilipochorwa. Mwaka 1667 André Félibien, akiandika kwa ajili ya Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, alizipanga kazi za wachoraji kwa madaraja, akaweka juu kabisa visa vya historia, dini na hekaya za kale, na chini kabisa matunda, maua na vitu visivyo na uhai. Mchoraji wa maisha ya kawaida alihesabiwa chini ya mchoraji wa historia, na hata angesifiwa namna gani, uprofesa wa Akademia haukuwa fungu lake. Nyuso nazo zilikuwa na elimu yake. Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa Mfalme Louis XIV, alitoa mhadhara mwaka 1668 kuhusu namna hofu, hasira, mshangao na huzuni zinavyobadilisha nyusi, macho na mdomo, na mwaka 1759 Comte de Caylus alianzisha tuzo ya kila mwaka kwa mwanafunzi wa Akademia atakayechora vizuri kuliko wenzake kichwa kimoja kinachoonyesha hisia moja. Kwa hiyo mtu akikutana na kichwa cha msichana wa Greuze mwenye macho yaliyoinuliwa mbinguni, asidhani anaona tu uso wa mtu aliyeishi. Mbele yake kuna pia zoezi lenye kanuni, ambalo watazamaji wa wakati ule walijua namna ya kulitolea alama.

Jambo jingine la kufahamu ni jinsi picha hizi zilivyofika hapo zilipo, kwa sababu njia zilizopitia bado zinaonekana kutani. Baadhi zilikuwa mali ya ufalme: Chardin mwenyewe alimzawadia Louis XV mchoro wa sala kabla ya chakula mwaka 1740, na mchoro mkubwa wa Greuze wa posa ya kijijini ulinunuliwa kwa ajili ya Louis XVI mwaka 1782. Nyingine nyingi zilitoka kwa daktari mmoja, Louis La Caze, aliyefariki mwaka 1869 na kuiachia Louvre michoro 583 kwa wosia. La Caze alianza kununua picha za karne ya 18 wakati ambapo ladha ya watu wa Paris ilikuwa imezikimbia, na wauzaji walikuwa wakiziachia kwa bei ndogo. Alizichagua kwa jicho lake mwenyewe, na jicho hilo lilipenda rangi nzito na nyuso zilizo hai. Chardin na Fragonard wa Louvre wana alama ya daktari huyu kwa kiasi ambacho Greuze hana, na nadhani ndiyo sababu moja inayofanya Greuze, ukimwona jirani na wenzake wawili, aonekane kama mtu wa ukoo mwingine.

Tuanze na uso, kwa kuwa ndio unaowatenganisha hawa watatu upesi zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Watu wa Chardin hawakutazami. Katika "Sala Kabla ya Chakula", mama ameinama juu ya meza huku akimtazama mtoto mdogo aliyeunganisha viganja, na dada mtu ameketi upande wa pili akingoja. Huwezi kusema kwa yakini kama mama anakemea, anatabasamu au anakumbusha tu neno lililosahauliwa. Katika "Mtumishi Arejeaye kutoka Sokoni", wa mwaka 1739, mwanamke ametua mikate juu ya kabati, mkono mmoja bado umeshika mfuko wa nyama, naye amegeuza kichwa pembeni. Nyuma yake, mlangoni, msichana mwingine anazungumza na mtu wa nje. Anasikiliza? Amechoka? Chardin hakusema, na hakuacha mlango wa kumlazimisha aseme. Mtoto katika "Mtoto na Pia", uliooneshwa mwaka 1738, hana habari na yeyote. Macho yake yako kwenye pia inayozunguka mezani, na vitabu, karatasi na kalamu ya unyoya vimesogezwa kando. Mtoto huyo anajulikana kwa jina, Auguste-Gabriel Godefroy, mwana wa sonara, na kwa hiyo mchoro huu ni picha ya mtu maalumu iliyovikwa vazi la picha ya maisha ya kawaida. Mvulana mwingine angeketishwa wima na kuvalishwa nguo ya sherehe. Huyu ameachwa katika dakika ambayo alisahau kwamba anatazamwa.

Watu wa Greuze wana haja na wewe. Hata pale wasipokuelekezea macho, kila mkono, kila nyusi na kila goti limewekwa ili uelewe bila kuuliza. Ukisimama mbele ya michoro miwili ya "Laana ya Baba", wa kwanza wa mwaka 1777 na wa pili wa mwaka 1778, hutahitaji kusoma kibao kilicho ukutani. Katika wa kwanza kijana ameamua kwenda jeshini na kuiacha familia masikini. Baba, akiwa kitini, amenyoosha mikono miwili akimlaani, mama amemshika kijana, wadogo zake wanalia, na askari aliyemwandikisha anasubiri mlangoni. Katika wa pili kijana amerejea, amepinda mgongo na kujishika kichwa, lakini baba amekwisha kukata roho kitandani, na mama anamwonyesha maiti kwa mkono mmoja, kana kwamba kulikuwa na haja ya kuonyeshwa.

Watu wa Fragonard, katika ule mfululizo wa nyuso ambao wanahistoria wa sanaa wa Ufaransa huuita nyuso za kubuni, wana tabia ya tatu. Wamegeuza kichwa ghafla, kama walioitwa jina wakiwa katikati ya shughuli: mmoja anapiga gitaa, mwingine ameshika kalamu, mwanamke mmoja ana vitabu mbele yake. Wote wamevaa mavazi ya kujipamba yaliyoitwa ya Kihispania, yenye kola za kukunjwa, mikono iliyotuna na riboni, ambayo hakuna aliyekuwa akitembea nayo mitaani mwaka 1769. Nyuso hizi hazikusimulii kisa kama za Greuze wala hazijifichi kama za Chardin. Zinaonyesha mwendo wa brashi, na mwenye uso amekubali kuwa kisingizio cha mwendo huo.

Sasa, msomaji wa pwani yetu au wa bara anaweza kuuliza ni yupi kati yao atakayemwelewa kwa haraka. Jibu langu ni Greuze, na nitakaa naye kidogo, kwa sababu wakosoaji wamemsema vibaya kwa zaidi ya karne moja na sehemu tu ya lawama hizo ni ya haki. Mtu aliyelelewa katika jamii inayojua uzito wa radhi ya wazazi hahitaji maelezo kuhusu baba aliyenyoosha mikono, wala kuhusu kijana anayerudi akiwa amechelewa kuomba msamaha. Mzungu wa leo huona kisa hicho kuwa maigizo yaliyopitiliza. Msomaji wa Kiswahili, ninavyodhani, atayaona maigizo lakini pia atajua kilichomo ndani yake. Hilo si jambo dogo katika makumbusho ambamo visa vingi vya ukutani vinamtaka mtazamaji awe amesoma hekaya za Wagiriki na Warumi.

Lakini ukaribu huo una mtego wake, na mtego uko katika mchoro wake bora, "Posa ya Kijijini" wa mwaka 1761. Mchoro huu wenye watu 12, ulio na urefu wa sentimita 92 na upana wa sentimita 117, ulifika katika Salon, maonyesho ya sanaa ya Akademia jijini Paris, yakiwa yanakaribia kufungwa, na bado ulivuta umati. Baba mzee ananena na kijana anayeoa. Bibi harusi ameinamisha macho, mkono wake umepita katika mkono wa mchumba bila kuushika sawasawa. Mama amemng'ang'ania binti kwa upande wa pili, mdogo wake amelalia bega lake akilia, na dada mwingine amesimama nyuma ya kiti cha baba na uso usioficha wivu. Chini kabisa kuna kuku na vifaranga vyake. Katikati ya yote upo mkoba wa fedha. Msomaji aliyezoea mahari ataona upesi kwamba kijana ameleta fedha kwa baba mkwe, na hapo atakuwa ameigeuza picha nzima. Fedha zimetoka kwa baba kwenda kwa kijana. Ni mali ambayo binti anaondoka nayo nyumbani, na mwanasheria aliyeketi pembeni anaandika mkataba wake. Ukilijua hilo, uso wa yule dada mwenye wivu unabadilika: hatazami tu mume wa mwenzake, anatazama pia sehemu ya mali ya nyumba ikitoka mlangoni. Ni mchoro unaolipa kadiri unavyouhesabu, mtu mmoja mmoja, mkono mmoja mmoja, na kwa darasa la wanafunzi wenye umri wa miaka 12 au 14 sijui picha inayofaa kuliko hiyo kuanzia.

Vichwa vya wasichana vya Greuze ni suala jingine. Hivyo ndivyo vilivyomletea fedha, vikanakiliwa kwenye karatasi za chapa, na vikatapakaa katika nyumba za Ulaya. Maarufu zaidi ni "Mtungi Uliovunjika", uliochorwa mapema katika miaka ya 1770 na kuwahi kuwa mali ya Madame du Barry, mpenzi wa Louis XV. Msichana mdogo amesimama na mtungi uliovunjika mkononi, nguo yake imelegea kifuani na maua ameyakusanya mapajani. Watu wa zama hizo walijua mtungi unasimamia nini, nasi tunajua vilevile. Mchoraji anadai kuhuzunika juu ya ubikira uliopotea na wakati huohuo anamkaribisha mtazamaji afurahie kilichosababisha huzuni hiyo. Ufundi upo, hasa katika ngozi na macho, lakini nia yake ina harufu, na mwenye saa moja anaweza kupita hapo bila kusimama na asipoteze kitu.

Katika visa vya hawa watatu na Akademia, cha Greuze ndicho cha kusikitisha. Alitaka kuhesabiwa mchoraji wa historia, na mwaka 1769 akawasilisha mchoro wa Mfalme Septimius Severus wa Roma akimkemea mwanawe Caracalla, ambao ukiuangalia vizuri ni "Laana ya Baba" iliyovishwa nguo za Kirumi kabla ya wakati wake. Akademia ilimpokea, lakini kama mchoraji wa maisha ya kawaida. Aliuona uamuzi huo kuwa tusi, na hakuonyesha tena kazi zake katika Salon hadi mwaka 1800. Mchoro huo nao uko Louvre, na ni kweli kwamba ni dhaifu; mikono ya mfalme imekaa kama ya mtu anayeelekeza njia. Chardin, kwa upande wake, aliingia Akademia mwaka 1728 kwa michoro ya vitu visivyo na uhai, daraja la chini kuliko yote, akawa mtunza hazina wake, akapewa kazi ya kupanga picha kutani katika maonyesho ya Salon, na mwaka 1757 akapewa makazi humo humo Louvre. Alifia humo. Hakuwahi kujaribu kupanda daraja.

Tukiziacha nyuso na visa na kutazama rangi yenyewe, mpangilio wa ubora unageuka. Hapa Greuze anakuwa wa tatu bila ubishi. Ngozi za watu wake ni laini, zimesuguliwa hadi alama ya brashi ikapotea, na nguo zao, hasa katika michoro mikubwa ya miaka ya 1770, ni za rangi ya kijivu na hudhurungi isiyotoa mwanga. Mchoro wake hutazamwa vyema kutoka mbali kidogo, hatua nne au tano, ambapo mikono yote inaonekana pamoja. Ukisogea karibu zaidi, hakuna zawadi inayokungoja.

Chardin anataka usogee. "Sala Kabla ya Chakula" una urefu wa sentimita 49 hivi tu na upana wa sentimita 38 hivi, na ukiwa mbali utauona kama kijisanduku cha rangi ya kahawia ukutani. Karibu, rangi inaonekana kuwa nene na yenye chembechembe, tabaka juu ya tabaka, nyeupe ya kitambaa cha meza ikiwa na samawati na waridi ndani yake, na kingo za vitu zikiwa hazikukatwa kwa mstari bali zimeachwa zipumue. Denis Diderot, mwanafalsafa aliyeandika mapitio ya maonyesho ya Salon kwa wasomaji wachache wa nchi mbalimbali za Ulaya, alilisema jambo hilo kwa mshangao: ukikaribia vitu vinavurugika, ukirudi nyuma vinajiunda upya. Ngoma ya kuchezea iliyotundikwa kwenye kiti cha mtoto mdogo, chombo cha makaa kilichowekwa sakafuni, kila kimoja kina uzito. Kwa njia, mtoto huyo mwenye gauni huenda ni mvulana, kwa kuwa wavulana wadogo wa wakati ule walivaa hivyo, na ngoma inaelekea kuthibitisha. Louvre inao mchoro huu mara mbili, ule aliopewa mfalme na mwingine uliotoka kwa La Caze, na mwenye subira anaweza kuwalinganisha Chardin na Chardin.

Fragonard anashinda kwa kasi. Nyuma ya mchoro wa Bwana de La Bretèche, ndugu wa Abbé de Saint-Non aliyekuwa rafiki na mfadhili wa Fragonard, kuna karatasi ya zamani inayosema kwamba ulichorwa na Fragonard mwaka 1769 kwa muda wa saa moja. Kama saa hiyo ni kweli au ni majigambo ya rafiki, mchoro wenyewe unaidai. Rangi imewekwa juu ya rangi kabla ya ile ya chini kukauka. Kola ni mapigo kama kumi ya nyeupe. Mkono unaopiga gitaa umemalizika pale ambapo mchoraji mwingine angekuwa bado anaanza. Michoro ya mfululizo huu ina ukubwa unaokaribiana, takriban sentimita 80 kwa 65, hivyo ikitundikwa jirani hulingana kama madirisha ya nyumba moja. Kwa anayejifunza uchoraji wa rangi za mafuta, mchoro wa La Bretèche utamfaa kuliko michoro ya wenzake wawili, kwa sababu hatua za kazi zimeachwa wazi na zinaweza kufuatwa kwa jicho tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mfululizo huo pia una somo kuhusu kuamini vibao vya makumbusho. Kwa miaka mingi uso mmoja wa Louvre, wa mwanamume aliyeinamia kitabu huku akiangalia pembeni, ulijulikana kuwa wa Diderot, ukachapishwa katika vitabu vya shule hivyo. Mwaka 2012 ilijitokeza katika mnada mjini Paris karatasi yenye michoro midogo 18 ya mkono wa Fragonard, mingi ikiwa na majina chini yake, na ikawa dhahiri kwamba aliyechorwa si Diderot. Kumbe hata macho yalikuwa yakisema hivyo, maana ya mchoro ni ya samawati na ya Diderot yalikuwa ya kahawia. Nyuso nyingine zilizokuwa na majina ya kubuniwa, mfano "Uvuvio" na "Elimu", nazo ilibidi zisomwe upya kuwa za watu waliojulikana na mchoraji. Hata hivyo mchoro wenyewe haukupungukiwa na kitu kwa kupoteza jina kubwa, na hilo linaonyesha jinsi Fragonard alivyo tofauti na Greuze: ukimwondolea Greuze kisa, mengi yanaondoka nacho.

Basi nani achaguliwe? Kwa mtu anayeingia Louvre na watoto, au na mwenzi asiyependa makumbusho, ningeshauri Greuze, lakini kwa masharti: "Posa ya Kijijini" kwanza, kisha "Laana ya Baba" zote mbili kwa mfuatano, na vichwa vya wasichana viachwe. Picha hizi huzungumzika. Watu watabishana kama baba alikosea kulaani, kama mama angeweza kuzuia, kama yule dada ana haki ya kununa, na ubishi huo ndio njia nzuri kabisa ya kumfanya mtu atazame kwa dakika 20 kitu ambacho angekipita kwa sekunde kumi. Kwa mchoraji, au kwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa aliyekwisha kushika brashi, Fragonard ndiye, na hata nusu saa mbele ya nyuso zake tatu itamrudisha kazini kwake akiwa na haraka nzuri. Kwa mtu anayesafiri peke yake, asiye na wa kumngojea, na aliyekwisha kuchoka na picha zinazompigia kelele, hakuna mbadala wa Chardin. Kama ningelazimishwa kuchagua mchoro mmoja tu katika yote niliyoitaja, ningechagua "Mtoto na Pia", na ningeuchagua mbele ya "Sala Kabla ya Chakula" ingawa huo wa pili ndio unaopendwa zaidi. Katika sala bado kuna mafundisho kidogo, ilhali kwa mtoto yule hakuna anayefundishwa chochote. Droo ya meza iko wazi nusu, kishikio cha chaki kimo ndani, pia inazunguka, basi.

Wapo wengine kwenye vyumba hivyo na vya jirani wanaostahili kutajwa kwa ufupi ili wasikupotezee saa yako bila kujua. Ndugu Le Nain, waliochora wakulima karne moja kabla, wana "Familia ya Wakulima" yenye ukimya mkubwa, na anayempenda Chardin atamkuta huko babu wa kiroho wa mchoraji huyo. "Pierrot" ya Antoine Watteau, mchekeshaji aliyesimama wima kwa mavazi meupe, yenye urefu wa karibu mita 1.85, nayo ilitoka kwa La Caze, na haipiti mtu bila kumsimamisha. François Boucher ana "Kifungua Kinywa" cha mwaka 1739, familia ya wenye nacho ikinywa kinywaji moto. Ni nzuri kama hati ya samani na vyombo, na kwangu inaishia hapo. Michoro ya Chardin ya pasteli, yaani chaki laini za rangi, ile ambayo alijichora uzeeni akiwa na miwani mwaka 1771 na akiwa na kikinga macho mwaka 1775, ingeshinda yote, lakini pasteli huharibiwa na mwanga na hutolewa kwa nadra, kwa hiyo isiwe sababu ya safari.

Kuhusu safari yenyewe, Louvre hufungwa siku ya Jumanne, na vyumba vya ghorofa za juu navyo hufungwa kwa zamu, hivyo ratiba ya vyumba kwenye tovuti ya makumbusho iangaliwe kabla ya kununua tiketi. Michoro pia huazimwa kwenda maonyesho ya nchi nyingine, na Chardin huazimwa mara nyingi. Wasomaji wetu walioko London wana njia rahisi zaidi, kwa sababu Wallace Collection, isiyotoza kiingilio, ina vichwa vingi vya Greuze pamoja na "Bembea" ya Fragonard, na National Gallery, nayo bila kiingilio, ina Chardin wa kutosha kwa kulinganisha, ukiwemo mchoro wa mwalimu kijana akimfundisha mtoto kusoma. Walioko Washington wanaweza kwenda National Gallery of Art, nako bure, wamkute msichana anayesoma wa Fragonard, ambaye kola yake imekwaruzwa kwenye rangi mbichi kwa ncha ya mpini wa brashi, na Chardin wa mapovu ya sabuni.

Aliye nyumbani hajanyimwa. Tangu mwaka 2021 Louvre imeweka orodha ya mali yake kwenye intaneti bila malipo, na picha nyingi zinaweza kukuzwa hadi nyufa za rangi zikaonekana. Kwenye kioo cha simu Greuze ndiye anayefaidika, maana kisa chake kinasomeka hata kikiwa kidogo. Fragonard anahitaji kompyuta yenye kioo kikubwa. Chardin ndiye anayepungukiwa zaidi, kwa kuwa mwanga wa simu huipa nyeupe yake ukali ambao yeye hakuutia. Anayemtazama kwa njia hiyo apunguze mwanga wa kioo hadi nusu kabla ya kufungua picha.